Sekunde Tisa Angani: Risasi ya Masafa Marefu na Dhamiri ya Mdunguaji

Mwezi Juni 2017 gazeti la Kanada, The Globe and Mail, liliandika kwamba askari wa kikosi maalumu cha nchi hiyo huko Iraq alimpiga risasi mpiganaji wa kundi la Dola ya Kiislamu aliyekuwa umbali wa mita 3,540. Jeshi la Kanada lilithibitisha umbali huo. Kwa maelezo yaliyotolewa, risasi ilisafiri muda usiotimia sekunde 10. Mwaka 2023 Idara ya Usalama ya Ukraine nayo ikatangaza kwamba mdunguaji wake, Viacheslav Kovalskyi, alimpiga askari wa Urusi akiwa mita 3,800. Kila habari ya namna hii inapotoka hupokelewa kama matokeo ya riadha: nani sasa ameshika nafasi ya kwanza, nani ameshuka hadi ya pili.

Katika makala hii tunapenda kuitazama risasi hiyo kwanza kwa fizikia, kisha kwa taalimungu maadili. Wapo watakaouliza seminari inahusikaje na bunduki. Jibu letu ni fupi. Maadili hupima matendo ya binadamu, na tendo halipimiki kabla halijaeleweka lilivyo. Mwenye kutaka kujua kama risasi ya umbali huo ni halali hana budi kujua kwanza kinachotokea kati ya bunduki kulia na mtu kuanguka. Kwa maoni yetu, sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya sekunde hizo tisa.

Umbali na jicho

Mita 3,540 ni mwendo wa dakika 40 hivi kwa miguu, kwa mtu asiye na haraka. Kwa macho matupu mtu aliyesimama huko ni nukta tu, kama anaonekana kabisa. Darubini ya bunduki inayokuza mara 25 humleta karibu kana kwamba yuko mita 140, yaani urefu wa uwanja mmoja wa mpira na theluthi. Hapo utaona kuwa ni mtu. Utaona kama amesimama au amekaa. Kama alichoshika mkononi ni bunduki, jembe au bomba la maji, hilo ni suala jingine. Isitoshe, darubini haikuzi mtu peke yake, inakuza na hewa iliyo katikati. Jua likishapanda, mvuke wa joto juu ya ardhi hufanya umbo lote lichezecheze, sawa na mazigazi tunayoyaona juu ya lami wakati wa kiangazi.

Mwanga unaoleta picha hiyo hufika papo hapo. Risasi haifiki papo hapo. Mdunguaji anamwona mtu wa sasa, lakini anampiga mtu wa sekunde tisa zijazo.

Kinachoipata risasi njiani

Risasi nzito za aina hii hutoka mtutuni kwa kasi ya zaidi ya mita 800 kwa sekunde. Zingeendelea na kasi hiyo, safari yote ingechukua sekunde nne na kidogo. Zinatumia tisa kwa sababu ya ukinzani wa hewa. Risasi hupungua kasi tangu inapotoka, na ikifika mbali sana hushuka chini ya kasi ya sauti, ambayo ni karibu mita 340 kwa sekunde. Kuvuka mpaka huo si jambo dogo. Risasi huruka vizuri kwa sababu inazunguka kama pia la watoto. Mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu ndiyo huizungusha. Inapopita kwenye kasi ya sauti mgandamizo wa hewa juu yake hubadilika ghafla, na pia lililokuwa limetulia linaweza kuanza kuyumba. Ndiyo maana bunduki nyingi za kudungulia huhesabiwa kuwa na masafa ya kuaminika yanayoishia karibu na hapo, na kila mita ya ziada ni kubahatisha kwa kiasi fulani.

Wakati huohuo risasi inaanguka. Galilei alishatufundisha kwamba kitu kinachorushwa mbele huanguka kama kitu kilichoachiwa tu mkononi. Kitu kilichoachiwa kwa sekunde tisa pasipo hewa kingeshuka karibu mita 400. Risasi hushuka pungufu ya hapo, kwa kuwa hewa huizuia kidogo hata katika kushuka, lakini bado tunazungumzia mamia ya mita. Kwa hiyo mtutu hauelekezwi kwa mtu. Unaelekezwa angani juu yake, kana kwamba mdunguaji analenga kilele cha mlima usiokuwepo. Mwisho wa safari risasi inakuja ikiinama kama mvua ya upepo, hata kosa la mita 10 tu katika kupima umbali linatosha kuipitisha juu ya kichwa au kuizika mchangani mbele ya miguu. Kipimo cha leza husaidia sana hapa, lakini hakiondoi kila kosa. Risasi mbili za boksi moja zikitofautiana mita tano tu kwa sekunde katika kasi ya kutoka mtutuni, zitafika huko zikiwa zimepishana mita kadhaa, moja juu na nyingine chini.

Upepo ndio mgumu kuliko vyote. Ipo kanuni ya zamani ya hesabu za risasi: upepo wa ubavuni huisogeza risasi kwa kadiri ya muda ambao hewa imeichelewesha. Risasi yetu imecheleweshwa sekunde tano hivi, kutoka nne hadi tisa. Basi upepo wa mita moja kwa sekunde, ule unaopindisha moshi wa jikoni bila kutikisa hata jani, utaisogeza karibu mita tano pembeni. Kifua cha mtu kina upana wa nusu mita. Mdunguaji akikosea upepo kwa sehemu moja ya kumi ya mita kwa sekunde, ameshakosa nusu mita. Na upepo huo haukai mahali pamoja: bondeni unavuma hivi, ukingoni vile, na makumi ya mita juu ya ardhi, risasi inakopita katikati ya safari, unavuma kwa namna yake. Hakuna aliyesimama huko na kipimo.

Hata dunia yenyewe inasogea. Inazunguka wakati risasi iko hewani, na kwa latitudo za Iraq mzunguko huo peke yake huipeleka risasi ya umbali huo zaidi ya mita moja kuelekea kulia. Hapa kwetu karibu na Ikweta kupotoka huko kwa pembeni hakupo kabisa, ila anayepiga kuelekea mashariki ataona risasi yake imekwenda juu kuliko alivyotarajia, na anayepiga magharibi ataiona chini. Tunalitaja hili kwa sababu walimu wa fizikia katika seminari ndogo hutafuta mifano ya jambo hilo na hawaipati kirahisi.

Yote haya kompyuta ndogo ya mfukoni huyakokotoa. Kinachobaki ni bunduki yenyewe. Bunduki nzuri inayotawanya risasi zake ndani ya dakika moja ya nyuzi, yaani sehemu moja ya 60 ya nyuzi moja, kwa mita 3,540 itazitawanya katika duara la upana wa mita moja, hata kama imefungwa kwenye jiwe na upepo umekufa.

Hatusemi haya kwa kudharau ustadi. Ustadi upo, tena ni mkubwa. Lakini tusome pia sehemu ya habari ambayo vichwa vya magazeti huiacha. Mkanada Rob Furlong, aliyempiga mtu kwa mita 2,430 huko Afghanistan Machi 2002, risasi yake ya kwanza ilikosa, ya pili ikapiga mzigo mgongoni, na ya tatu ndiyo ikampata. Mwingereza Craig Harrison, aliyewaua wapiganaji wawili wa bunduki ya rashasha huko Musa Qala Novemba 2009 kwa mita 2,475, alitumia kama risasi tisa za kutafuta umbali kwanza, na siku hiyo hapakuwa na upepo. Mwindaji wa nyati wa Marekani, Billy Dixon, aliyemwangusha mpiganaji wa Kihindi huko Adobe Walls, Texas, mwaka 1874 kwa umbali unaotajwa kuwa mita 1,400 hivi, alikiri mwenyewe kwamba ilikuwa bahati. Tunampenda Dixon kwa ungamo hilo.

Je, umbali wenyewe ni kosa?

Wengi hujisikia vibaya kwanza kwa sababu ya kujificha. Anayeuawa haoni wala hasikii. Kwa mita 3,540 sauti ya bunduki huchukua sekunde 10 hivi kufika, na risasi inaitangulia kidogo au inafika nayo pamoja. Inaonekana kama uoga, kama kumwua mtu usingizini.

Hisia hiyo ni ya zamani katika Kanisa. Mtaguso wa Pili wa Laterani, mwaka 1139, katika kanuni yake ya 29, ulikataza kwa adhabu ya kutengwa na Kanisa kutumia dhidi ya Wakristo ufundi wa wapiga mishale na wa pinde za mtambo, ukiutaja kuwa ni ufundi wa kuua unaomchukiza Mungu. (Kwamba katazo liliwalinda Wakristo tu, msomaji amekwisha kuona, na hatuna la kulitetea.) Wafalme hawakulifuata. Mfalme Rikardo wa Kwanza wa Uingereza mwenyewe alikufa mwaka 1199 kwa jeraha la mshale wa upinde wa mtambo mbele ya ngome ya Châlus huko Ufaransa. Hata nchini Tanzania tunayo kumbukumbu ya kifo cha namna hii. Frederick Selous, mwindaji mashuhuri wa Kiingereza, aliuawa na mdunguaji wa upande wa Wajerumani huko Beho Beho, karibu na mto Rufiji, tarehe 4 Januari 1917, akiwa na umri wa miaka 65. Kaburi lake lipo hadi leo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Mtakatifu Thoma wa Akwino hakuona kujificha kuwa kosa. Anapouliza kama ni halali kuvizia vitani (Summa II-II, swali la 40, kifungu cha 3), anajibu kwamba kusema uongo au kuvunja ahadi kwa adui si halali kamwe, lakini kumficha mambo yetu si kumdhulumu. Sheria za kimataifa za vita zinakwenda njia hiyohiyo: zinakataza hila ya kujifanya umejisalimisha ili uue, wala hazikatazi maficho. Kwa hiyo anayemlaumu mdunguaji kwa kujificha tu, anamlaumu bila sababu ya kutosha.

Zaidi ya hapo, upo utetezi wenye nguvu. Askari mmoja wa Kanada aliyezungumza na gazeti hilo mwaka 2017 alieleza kwamba risasi ile ilivuruga shambulio dhidi ya majeshi ya Iraq, na kwamba badala yake lingeweza kuangushwa bomu ambalo huenda lingeua raia. Hoja hii haipuuzwi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2313, inadai wasio wapiganaji, majeruhi na wafungwa waheshimiwe na kutendewa kiutu. Kati ya silaha zote, bunduki ya mdunguaji ndiyo inayoweza kumchagua mmoja na kumwacha aliye kando yake. Vita vikiwa ni vya kujilinda kwa haki, na Papa Fransisko katika Fratelli tutti namba 258 ametukumbusha jinsi ilivyo vigumu siku hizi kusema hivyo kwa uhakika, basi risasi moja ni afadhali kuliko bomu.

Lakini hapo ndipo fizikia inaporudi kudai haki yake. Sifa ya mdunguaji ni kuchagua. Je, uwezo huo wa kuchagua unadumu hadi umbali gani?

Uhakika wa kutenda

Vitabu vya zamani vya taalimungu maadili vilikuwa na mfano ambao kila mseminari aliukariri. Mwindaji anaona kichaka kinatikisika. Huenda ni mnyama, huenda ni mtu. Je, afyatue? Hapana, hata kama uwezekano mkubwa ni mnyama. Uhai wa mwingine ukiwa hatarini hakuna ruhusa ya kufuata kinachoelekea kuwa kweli. Unatakiwa uhakika wa kimaadili, ule unaoondoa shaka yoyote yenye msingi. Itifaki ya Nyongeza ya Kwanza ya Mikataba ya Geneva, ya mwaka 1977, inasema jambo lilelile kwa lugha ya sheria: katika ibara ya 50, penye shaka mtu ahesabiwe kuwa raia.

Kwa mita 300 mdunguaji anao uhakika huo. Anaona mikono, anaona uso, na risasi inafika kabla mtu hajamaliza hatua moja. Kwa mita 3,500 mambo yamegeuka. Mtu akitembea kwa mwendo wa kawaida, kwa sekunde tisa amekwenda mita 12. Anaweza kuingia ndani na mtoto akatoka mlangoni. Anaweza kutupa silaha na kuinua mikono, na tangu hapo, kwa ibara ya 41 ya itifaki hiyohiyo, ni marufuku kumshambulia. Mdunguaji atayaona hayo yote kwenye darubini yake, risasi ikiwa bado iko hewani, asiweze kufanya lolote.

Mwandishi George Orwell, aliyepigana Hispania mwaka 1937, amesimulia jinsi alivyokwenda kuwavizia adui karibu na Huesca. Akamwona askari mmoja akitoka kwenye handaki na kukimbia huku ameshikilia suruali yake kwa mikono miwili. Orwell hakumpiga. Aliona kwamba mtu anayeshika suruali isianguke ni mtu kama yeye. Tafsiri za kisa hicho ni nyingi. Sisi tunaangalia jambo moja tu: Orwell alikuwa karibu, kiasi cha hatua mia moja hivi, na alipoona suruali, risasi ilikuwa bado imo bundukini. Aliye mita 3,540 anaweza kuiona suruali hiyohiyo baada ya kufyatua, na huruma yake haitamfaa kitu yule mtu.

Mtu anaweza kujibu kwamba yanayotokea baada ya kufyatua hayamo tena katika hiari ya mdunguaji, na asiye na hiari hana hatia. Jibu hilo halitoshi. Mdunguaji anajua kabla ya kufyatua kwamba zipo sekunde tisa ambazo hatakuwa na uwezo juu yake. Kinachojulikana kabla kimo ndani ya uamuzi wenyewe. Dereva anayeingia barabarani akijua breki hazishiki hajitetei kwa kusema alipomwona mtoto alikanyaga breki.

Kuna pia risasi zilizokosa. Zile za Harrison zilipotafuta umbali zilikwenda wapi? Katika jangwa la Helmand tunaweza kudhani zilikwenda mchangani. Katika mji zingekwenda kwenye nyumba ya mtu. Risasi ya kutafuta umbali hufanya kazi ya kombora la kwanza la mzinga, na mdunguaji anayezitumia, kwa saa hiyo, ni mpiga mzinga mwenye mzinga mdogo. Hawezi kuendelea kujisifia usahihi wa risasi moja kwa mtu mmoja. Anapaswa kupimwa kwa kanuni za mzinga: ni nani wengine wako katika duara ambalo risasi zake zinaweza kuangukia, na faida inayotafutwa inalingana na hatari hiyo? Kama ni bunduki ya rashasha inayowaua wenzake walionaswa, kama ilivyokuwa Musa Qala, na pande zote ni jangwa tupu, tunaona sababu ipo. Kama ni mlinzi aliyesimama peke yake barazani katika kijiji chenye watu, sababu hatuioni, hata sheria ya vita ikimhesabu kuwa mpiganaji.

Nia na rekodi

Mtakatifu Thoma, katika swali la 64, kifungu cha 7, anafundisha kwamba mwenye mamlaka ya umma anaweza kukusudia kuua adui kwa ajili ya manufaa ya wote. Kisha anaongeza jambo linalosahaulika haraka: hata hao hutenda dhambi wakisukumwa na tamaa zao binafsi. Tamaa aliyoifikiria zaidi ni chuki. Siku zetu ipo nyingine, ya namba. Mwaka 2017 Waziri Mkuu wa Kanada alisema hadharani kwamba tukio lile ni la kusherehekewa kwa sababu ya ubora wa mafunzo ya jeshi lake. Tunaelewa alichotaka kusema. Hata hivyo, askari kijana anayesikia hivyo amefundishwa kwamba mita 3,540 ni bora kuliko mita 1,500, wakati kwa upande wa maadili na kwa upande wa fizikia ni kinyume: kadiri umbali unavyoongezeka ndivyo sababu ya kufyatua inavyotakiwa kuwa nzito zaidi. Anayeweza kusogea karibu bila kuhatarisha wenzake, lakini akabaki mbali kwa ajili ya rekodi, amebadili lengo la tendo lake.

Harrison mwenyewe hakuisherehekea kwa muda mrefu. Ameandika kitabu akieleza alivyougua akilini baada ya vita. Watu hudhani umbali humkinga anayeua. Darubini haimkingi, kwa kuwa rubani hupita juu na kwenda zake, ila mdunguaji hubaki akitazama hadi mwisho.

Waseminari watakaotumwa siku moja kuwa makasisi wa jeshi watakutana na watu wa namna hii katika kiti cha maungamo, na ni vema wajue kwamba Kanisa limewahi kulikabili jambo hili. Miaka michache baada ya vita vya Hastings vya mwaka 1066, maaskofu wa Normandia walitoa orodha ya kitubio kwa askari wa upande wao, yaani walioshinda, nayo ikathibitishwa na Ermenfrid, Askofu wa Sion, mjumbe wa Papa. Aliyejua ameua mtu alipewa kitubio cha mwaka mmoja kwa kila aliyemwua. Aliyemjeruhi mtu asijue kama alikufa, siku 40 kwa kila mmoja. Wapiga mishale walitajwa peke yao, kwa sababu walipiga kutoka mbali na hawakuweza kujua mishale yao imeua wangapi wala imejeruhi wangapi. Wao walipewa kufunga Kwaresima tatu.